Wanasayansi hufurahia nini hasa, na kwa nini wewe huipati furaha hiyo?

*"Shikamoo mtaalamu. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, upande wa biolojia ya molekuli. Tangu utotoni nilitaka kuwa mwanasayansi kwa sababu ya ugunduzi. Sasa siku zangu ni kupima mikrolita, kuosha vyombo, kumwaga jeli na kujaza majedwali. Kwa wiki sita PCR ya DNA niliyotoa kwenye majani, yaani kukinakili kipande chake mara nyingi hadi kionekane kwenye jeli, haijanipa chochote, kila nikiangalia jeli iko tupu. Nikisoma mahojiano ya wanasayansi, wote wanasema wanaipenda kazi yao kupita kiasi. Wanafurahia nini hasa? Na kama mimi sifurahii, ina maana sikuumbiwa kazi hii? Msimamizi wangu ananiambia nivumilie tu."*

Marahaba. Ndani ya swali lako mna maswali matatu: wanasayansi hufurahia nini, kwa nini furaha hiyo haikufikii, na kama hali hii ni dalili kwamba ulipotea njia. La pili ndilo nitakalokaa nalo zaidi, kwa sababu yale uliyosema kuhusu jeli tupu yananieleza mengi. Na niseme mapema: katika hayo uliyoandika sioni ushahidi wowote kwamba hukuumbiwa sayansi. Ninachokiona ni mtu aliyetumia wiki sita kufanya majaribio ambayo hayana uwezo wa kumjibu.

Kabla ya yote, angalia hayo mahojiano kwa jicho la mtafiti. Anayehojiwa ni yule aliyebaki kwenye kazi, aliyeondoka haulizwi. Tena huulizwa kuhusu siku zake nzuri, baada ya kazi kufanikiwa. Ukichukua sampuli namna hiyo kwenye utafiti wako, msimamizi angekurudisha. Kwa hiyo usijipime kwa mahojiano. Charles Darwin alitumia miaka 8, kuanzia 1846 hadi 1854, akichambua wanyama wadogo wa baharini wanaoganda kwenye miamba na mashua, na barua zake za wakati huo zinaonyesha wazi alivyochoshwa nao. Aliendelea kufanya sayansi mpaka mwisho wa maisha yake. Kuchoshwa na kazi na kuipenda kazi vinakaa ndani ya mtu mmoja bila ugomvi.

Sasa hili la ugunduzi. Watu wengi huamini kwamba mwanasayansi huishi kwa ajili ya siku ile moja kubwa. Peter Higgs alichapisha wazo la chembe inayobeba jina lake mwaka 1964. Chembe yenyewe ikatangazwa CERN, maabara ya fizikia ya chembe huko Ulaya, Julai 2012, miaka 48 baadaye. Mawimbi ya mvutano ambayo Einstein aliyaandikia mwaka 1916 yalinaswa na vifaa vya LIGO, vituo vya Marekani vilivyojengwa kuyatafuta, tarehe 14 Septemba 2015, na makala iliyoyatangaza ilikuwa na waandishi zaidi ya 1,000. Miongoni mwao wamo watu ambao kazi yao ya miaka mingi ilikuwa kupunguza mtikisiko wa vioo au kutenganisha kelele na ishara kwenye data. Kama raha yao ingefungiwa kwenye siku ya tangazo, wasingedumu hata mwaka.

Isitoshe, ugunduzi ukifika, mara nyingi hauji na shangwe. Mwaka 1967 Jocelyn Bell alikuwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge. Darubini ya redio aliyoshiriki kuijenga kwa mikono ilitema takriban mita 30 za karatasi ya grafu kwa siku, naye akizipitia kwa macho. Humo aliona alama ndogo, zaidi kidogo ya nusu sentimita, ambayo haikufanana na chanzo cha kawaida cha angani wala na mawimbi ya redio yanayotokana na shughuli za binadamu. Walipoirekodi kwa kasi kubwa zaidi wakakuta mapigo yanayojirudia kila sekunde 1.33. Kilichofuata katika kundi lao kilikuwa wasiwasi: je, ni hitilafu ya kifaa? Ni mtambo wa watu fulani? Bell mwenyewe amesimulia hadharani kwamba utamu ulikuja Desemba, alipokuta alama ya pili ya aina hiyo hiyo sehemu nyingine kabisa ya anga. Kufikia hapo hitilafu ya kifaa haikuweza tena kuwa maelezo: zilikuwa pulsa, nyota zinazotoa mapigo ya redio. Angalia furaha ilikokaa. Kitu kipya alikuwa amekiona miezi kadhaa nyuma. Kilichomfurahisha ni shaka kupata jibu.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la kwanza. Kinachowafurahisha wanasayansi kuliko vyote ni kuwa na swali, kulipanga hadi jibu likose pa kujificha, kisha kuliona jibu kwa macho yao. Swali lenyewe linaweza kuwa dogo mno. Je, bafa hii, kimiminika cha kutuliza asidi ya mchanganyiko, imeharibika? Mstari huu wa grafu unapinda kwa sababu ya joto au kwa sababu ya muda? Jibu la maswali ya namna hiyo halitaandikwa kwenye jarida lolote, lakini kwa dakika chache wewe ndiye mtu pekee duniani unayelijua, na ulilipata kwa akili na mikono yako. Mtafiti mzuri hupata raha hiyo mara kadhaa kwa mwezi. Ugunduzi mkubwa, ukija, huwa ni raha hiyo hiyo iliyokuzwa.

Pembeni yake zipo raha nyingine, na hapa watu hutofautiana sana. Wapo wanaopenda ufundi wenyewe: kipande chembamba cha tishu kinachokatika bila kuchanika, kifaa kinachotulia baada ya siku nzima ya kukirekebisha. Wapo wanaovutwa na ukaribu na kitu wanachokichunguza. Barbara McClintock, mwanajenetiki, aliijua mimea yake ya mahindi mmoja mmoja, na ujuzi huo ndio uliomwezesha kuona kwamba kuna vipande vya DNA vinavyohama mahali, jambo ambalo wengi walichelewa kulikubali, na akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983, akiwa na miaka 81. Wengine hawajali sana mche wala kifaa. Hupenda pale namba 3,000 zilizotawanyika zinapojipanga kuwa umbo. Wengine huishi kwa mabishano, kumsikiliza mwenzao akibomoa hoja yao na kuona kwamba amesema kweli. Na wapo wanaopenda kufundisha zaidi ya kutafiti, hawa wasione haya. Hakuna aliyenazo zote. Kujua ipi ni yako kutakusaidia kuamua mambo mengi, nami nitalirudia hilo.

Tuje kwako. Kwa nini raha hii haikufikii?

Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz na wenzake walirekodi seli za neva zinazotoa dopamini, kemikali ya kupelekeana ujumbe, katika ubongo wa nyani. Nyani alipopewa juisi asiyoitarajia, seli hizo zilichangamka. Alipokwisha kujifunza kwamba ishara fulani hutangulia juisi, seli ziliitikia ishara, na juisi yenyewe haikuziamsha tena. Ishara ikija na juisi ikakosekana, seli zilipunguza kasi yao wakati ule ule juisi ilipotarajiwa. Mwaka 1997 Schultz, Peter Dayan na Read Montague walieleza maana yake: seli hizi hubeba tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea. Ndiyo maana kuiita dopamini "kemikali ya raha" kunapotosha. Kazi yake iko karibu zaidi na kujifunza na hamu ya kuendelea kutafuta. Sidai kwamba furaha yote ya mtafiti ni hizo seli, kwani binadamu ni zaidi ya hapo. Hata hivyo kuna kanuni unayoweza kuitumia. Asiyetarajia kitu hawezi kushangazwa, na jaribio lisilosema kitu haliwezi kumshangaza mtu yeyote.

Jeli yako tupu ina maana gani? Huenda DNA haikutoka kwenye majani. Huenda ilitoka ikakatikakatika. Huenda ipo, lakini imetoka pamoja na polisakaridi na polifenoli (sukari ndefu na kemikali za kujikinga) za mmea, ambazo huzuia kimeng'enya, protini inayonakili DNA, kufanya kazi. Huenda praima, vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanza kunakili, hazishiki kwa halijoto uliyoweka. Huenda kimeng'enya kimekufa kwa kutolewa na kurudishwa kwenye friza mara nyingi. Huenda kuna kiungo ulichosahau, au mashine haifikii joto inalolionyesha, au rangi ya jeli haikutosha. Hizo ni sababu nane zenye matokeo ya aina moja. Unaporudia jaribio lile lile kesho, jeli inatoka tupu tena, na bado hujui ni ipi kati ya nane. Nayaita haya majaribio bubu. Usiyachanganye na matokeo hasi. Matokeo hasi ni habari, yanakuambia jambo fulani halipo, na yanaweza kuandikwa kwenye tasnifu. Jaribio bubu halikuambii lolote. Wanafunzi wengi hudhani wanachoshwa na kushindwa. Kwa maoni yangu wanachoshwa na kushindwa kusikofundisha, na dawa yake iko mikononi mwao: ni kontroli, yaani sampuli za kulinganishia ambazo jibu lake unalijua.

Kontroli hufundishwa kama sharti la kuwaridhisha wahakiki, na ni bahati mbaya sana, kwa sababu ndiyo inayogeuza jeli tupu kuwa habari. Panga jaribio moja la mirija saba, kila mmoja mikrolita 20. Mwombe mwenzako wa maabara DNA ya mmea anayojua inafanya kazi, pamoja na praima zinazotumika kwa mimea mingi, kwa mfano za jeni rbcL ya kloroplasti. Mrija wa 1 uwe na DNA ya mwenzako na praima za rbcL. Wa 2 uwe sawa na wa 1, ila ongeza mikrolita 1 ya DNA yako. Wa 3 uwe kama wa 2, lakini DNA yako uizimue kwanza mara 10 kwa maji safi ya maabara. Wa 4 uwe na DNA yako iliyozimuliwa mara 10 peke yake na praima za rbcL. Wa 5, DNA yako iliyozimuliwa mara 10 na praima zako mwenyewe. Wa 6, maji badala ya DNA, pamoja na praima zako. Wa 7, maji na praima za rbcL. Kama halijoto ya kushikisha praima hizo mbili inatofautiana sana, yapitishe makundi hayo mashineni kwa zamu. Usisahau kuweka kwenye jeli ngazi ya DNA, yaani vipande vya urefu unaojulikana vya kulinganishia.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza, andika kwenye daftari la maabara unachobashiri kwa kila mrija: utawaka (mstari wake wa DNA utaonekana kwenye jeli) au hautawaka, na una uhakika kiasi gani kwa asilimia. Usiruke hatua hii ukidhani ni ya kitoto. Bila ubashiri ulioandikwa, akili hujidanganya baadaye kwamba ilijua tangu mwanzo, na ule mshtuko mdogo wa kujifunza unapotea.

Kisha soma jeli. Ngazi isipoonekana, tatizo ni rangi, taa au jeli yenyewe, na mirija haina kosa. Ngazi ikionekana na mrija wa 1 ukiwa mtupu, kosa liko kwenye kimeng'enya, bafa, mchanganyiko au mashine. Acha kuyalaumu majani. Mrija wa 1 ukiwaka na wa 2 ukazimika, umemkamata mhalifu: DNA yako imebeba kizuizi. Wa 3 ukiwaka hapo, kuzimua kumekitibu, na unaweza kuendelea na DNA iliyozimuliwa mara 10 au hata 100, au kuongeza albumini ya damu ya ng'ombe, protini inayoshika vizuizi, kwenye mchanganyiko, au kuisafisha DNA upya. Wa 1, wa 2 na wa 3 ikiwaka yote na wa 4 ukiwa mtupu, basi kizuizi hakipo, ila DNA yako yenyewe haitoshi au imeharibika. Wa 4 ukiwaka na wa 5 ukawa mtupu, DNA yako ni nzima. Shida ni praima zako. Hapo hakiki mfuatano wake herufi kwa herufi, weka mteremko wa halijoto kwenye mashine, tuseme kutoka nyuzi 50 hadi 62 za Selsiasi, na jaribu magnesiamu ya milimola 1.5, 2 na 2.5 kwa lita. Wa 6 au wa 7 ukiwaka, kuna uchafuzi. Tupa maji na michanganyiko iliyofunguliwa, anza na mipya.

PCR ya mizunguko 35 huchukua kama saa mbili, na jeli chini ya saa moja. Katika siku moja unapata jibu ambalo wiki sita hazikukupa, na lolote litakalotokea, jedwali lako litasogea. Ongeza vipimo viwili vya haraka. Pima usafi wa DNA kwa mwanga inaoufyonza: uwiano wa nanomita 260 kwa 280 uwe karibu 1.8, na wa 260 kwa 230 uwe karibu 2; huu wa pili ukishuka sana, mara nyingi ni polisakaridi, polifenoli au chumvi zilizobaki. Na pima pipeti yako: vuta mikrolita 100 za maji mara 10 uweke kwenye mizani nyeti. Kila mara isomeke karibu gramu 0.1. Zikiyumba kwa zaidi ya miligramu 2 hivi, ama pipeti inahitaji kurekebishwa, ama mkono wako unavuta haraka mno. Hili la pili ndilo la kawaida zaidi kwa wanaoanza.

Nimekaa kwenye mirija hii kwa makusudi, maana hapa ndipo furaha ya sayansi inapotengenezwa. Mzunguko kati ya swali na jibu ukiwa mfupi, mtu hukaa hai. Ukirefuka hadi miezi, hata mwenye kipaji hunyauka. Kwa hiyo gawanya mradi wako mrefu kuwa maswali ya wiki. Kila Jumatatu andika sentensi moja yenye sehemu tatu: nataka kujua kama jambo fulani ni kweli, nitalijua nikiona hiki, nikikiona nitafanya hivi, nisipokiona nitafanya vile. Ukishindwa kujaza sehemu ya tatu, jaribio halijaiva, usilifanye. Data ikitoka, ichoree grafu siku hiyo hiyo hata kama ni nukta nne tu. Wanaongoja data "ikamilike" hukuta kosa la mwezi wa kwanza wakiwa mwezi wa nane. Na mwonyeshe mtu. Jibu lililosimuliwa kwa mwenzako kabla ya kuondoka maabara lina ladha zaidi ya lililofungiwa kwenye kompyuta, na mara nyingi yeye ndiye ataona ulichokosa.

Kuna sababu ya pili inayoweza kukunyima raha, nayo ni ya taratibu zaidi. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Edward Deci aliwapa wanafunzi wa chuo mafumbo ya kuunganisha vipande. Baadhi yao walilipwa kwa kila fumbo walilofumbua, wengine hawakulipwa. Malipo yalipoondolewa, wale waliokuwa wamelipwa walipunguza muda wa kuyachezea kwa hiari yao. Malipo yalikuwa yamechukua nafasi ya hamu. Baadaye Deci na Richard Ryan walijenga juu ya kazi hiyo hoja kwamba hamu ya ndani hutegemea mambo matatu: uhuru wa kuamua, kuhisi kwamba uwezo wako unakua, na kuhusiana vizuri na watu. Jiulize mangapi kati ya hayo unayo sasa. Kama mada ulipewa, mbinu ulipewa, jeli haikuonyeshi kwamba unakua, na hakuna unayezungumza naye isipokuwa unapoulizwa tasnifu imefika wapi, yote matatu yamekauka kwa pamoja. Tasnifu na makala ni muhimu, siwezi kukuambia uzipuuze. Lakini tenga hata nusu siku kwa wiki kwa swali ambalo hakuna anayekudai: kwa nini majani machanga hutoa DNA safi kuliko makuukuu? Je, hilo ni kweli kwa mmea wako? Mwanafizikia Richard Feynman, alipohisi kwamba kazi imemchosha, alianza kukokotoa mzunguko na myumbo wa sahani aliyoiona ikirushwa kwenye mkahawa wa Chuo Kikuu cha Cornell, kwa sababu tu ilimpendeza. Hesabu ile ilimrudisha kwenye fizikia, na mwaka 1965 alishiriki Tuzo ya Nobel.

Kuhusu ushauri wa kuvumilia, msimamizi wako ana haki nusu. Ni kweli PCR mpya inaweza kuchukua wiki kadhaa kutulia, na anayekata tamaa wiki ya pili hatafika mbali. Lakini uvumilivu wa kurudia kitu kile kile bila kubadilisha mpango hauna faida kwa yeyote. Vumilia ugumu wa swali. Ububu wa jaribio usiuvumilie hata kidogo.

Je, uendelee? Usiamue sasa, ukiwa umechoka na bila taarifa. Jipe wiki sita nyingine za kazi iliyopangwa kama nilivyoeleza, na kila jioni andika mstari mmoja: leo ni saa ipi iliyopita bila mimi kuangalia muda? Baada ya wiki mbili tatu mtindo utajitokeza. Kama ni saa za mezani na pipeti, wewe ni fundi, na maabara zinakuhitaji. Kama ni saa za grafu na takwimu, zungumza na msimamizi kuhusu kuongeza sehemu ya uchambuzi wa data kwenye mradi huo huo. Mara nyingi hilo linawezekana bila kuanza upya. Kama ni saa uliyokuwa ukimweleza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hiyo nayo ni taarifa nzito.

Kubadilisha maabara au msimamizi mwaka wa pili wa uzamili kuna gharama kubwa: mada mpya, vibali vipya, na mara nyingi muda zaidi ya ule ungeutumia kumaliza. Ningeshauri hivyo pale tu uhusiano umeharibika au mradi hauna vifaa vya kuukamilisha. Kama tatizo ni uchovu wa kawaida, kumaliza shahada uliyo nayo ukijua hutaendelea na uzamivu ni uamuzi mzuri kuliko watu wanavyoupa heshima. Udhibiti wa ubora viwandani, maabara za hospitali, uchambuzi wa data, ualimu na uandishi wa sayansi vyote hutumia akili ile ile uliyoinoa. Dalili ambayo ningeipa uzito ni hii: ukipata jibu safi, mara tatu au nne, la swali ulilolipanga mwenyewe, na kila mara unachohisi ni nafuu tu kwamba limekwisha, bila hamu yoyote ya kuuliza linalofuata, basi huenda utafiti si mahali pako, na ni bora kulijua hilo mapema.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kuyatatua. La kwanza ni mikono yako. Mwombe mtu mzoefu asimame kando yako toka mwanzo wa kutoa DNA hadi jeli, akuangalie bila kukukatiza, kisha aseme alichoona. Makosa ya pipeti, ya kuchanganya na ya kuacha kimeng'enya nje ya barafu huonekana kwa macho, hayaonekani kwenye maelezo. La pili ni msimamizi. Omba nusu saa, nenda na ukurasa mmoja: mirija saba, ulichobashiri, kilichotokea, na hatua mbili unazopendekeza. Ukurasa huo hubadilisha mazungumzo kutoka "vumilia" kuwa "jaribu hii kwanza". Lakini kama anakudhalilisha, au anakutaka ubadilishe matokeo yafanane na anayoyataka, hilo lipeleke kwa mratibu wa masomo ya uzamili, ukiwa na tarehe na maandishi.

La tatu ni afya yako. Kutopenda maabara ni jambo moja. Kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, huzuni imekutawala, usingizi au hamu ya kula imeharibika, na hata vitu vya nje ya maabara ulivyovipenda havikugusi tena, hilo halihusu PCR, na mirija haitalitibu. Muone daktari au mshauri nasaha wa chuo. Na yakikujia mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu wa karibu na ufike kituo cha afya siku hiyo hiyo, usisubiri miadi.

Kama hali yako haijafika huko, anza na mirija saba wiki hii. Ukishasoma jeli, niandikie ni mrija upi ulikwenda kinyume na ulivyobashiri, na ulikuwa umeupa asilimia ngapi.